Tangi la plastiki au la alumini kwenye boti ya faiba?

Kaka, kama tangi la chuma limeoza chini ya sakafu na mashine ni ya petroli, mimi ningechukua plastiki, lile nene lililotengenezwa kwa ajili ya boti, si dumu la kutobolewa. Chumvi hailigusi. Ila likikaa na petroli linavimba kidogo, kwa hiyo nunua dogo kuliko nafasi uliyonayo na uliachie upenyo pande zote. Ukilikaza katikati ya mbao, utakuja kulipasua.

Alumini nayo ni nzuri, lakini huliwa kwa chini, pale inapokalia plaiwudi au sponji iliyolowa maji ya bahari. Inyanyue juu ya vipande vya mpira mgumu usionyonya maji ili hewa ipite. Na usifunge koki ya shaba moja kwa moja kwenye alumini. Ikiingia chumvi hapo, alumini ndiyo inayolika.

Mpira wa kupumulia, ule unaotoa hewa ndani ya tangi, uishie nje ya boti na upande juu moja kwa moja. Ukilegea katikati, mafuta yanatuama humo, na kila ukijaza petroli inakurudia mdomoni mwa tangi.

Tafadhali usirudishe sakafu kabla ya kupima kama tangi linavuja. Ziba matundu yake, tia hewa kwa pampu ya mkono, psi 3 zinatosha (kompresa italipasua), kisha paka povu la sabuni kila kiungo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, na cheche moja ya betri inatosha kuulipua.