Kutoa 401(k) mapema ukiwa umesharudi Dodoma

Kaka, umeuliza ukizitoa sasa zile dola 20,000 za 401(k), akiba ya uzeeni ya kazini, ulizoacha Marekani, upaue nyumba ya Iyumbu, utakatwa ngapi. Utakatwa sana.

Una miaka 44. Kwa sheria yao, kabla ya miaka 59 na nusu hela hiyo inatozwa kodi ya mapato kama mshahara, halafu inaongezwa asilimia 10 kwa kosa la kuwahi. Na kwa kuwa wewe siyo raia wala mkazi wa kule tena, kwa kawaida wanazuia asilimia 30 hukohuko. Dola 6,000 hutaziona. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo hakuna nafuu ya kuombea hapo.

Ila hiyo 30 ni makato ya awali tu. Watakutumia karatasi inaitwa 1042-S, inayoonyesha walicholipa na walichokata. Itumie kujaza ritani ya 1040-NR, fomu ya kodi ya wasio wakazi wa kule. Kodi halisi ikiwa chini ya walichokata, baki inarudi, ingawa ile 2,000 ya adhabu haiponi. Shemeji yangu karatasi yake iko kwenye droo na risiti za Luku, hajajaza mpaka leo.

Mimi ningegawa: kidogo mwaka huu, kidogo mwakani, maana viwango vyao hupanda na kiasi. Na pita TRA uwaulize mapema, mkazi wa hapa hutozwa hata kwa kipato cha nje. Bati zingoje kidogo.