Gus Fring alipenda, tena sana

Kaka, umeuliza kama Gus, yule bosi wa dawa za kulevya kwenye tamthilia ya Breaking Bad, anaweza kupenda kweli au anaigiza tu. Mimi nasema alipenda, na ushahidi uko kwenye bwawa la kuogelea. Hector Salamanca, mtu wa genge la dawa za kulevya la Mexico, alimpiga risasi Max, mshirika wa Gus aliyempenda, mbele yake, damu ikaingia majini, Gus akabanwa chini atazame. Miaka mingi baadaye alirudi bwawani palepale akamnywesha Don Eladio, mkuu wa genge hilo, tekila yenye sumu, na yeye mwenyewe akainywa kwanza! Lakini Gus hakumuua Hector. Alimwacha hai kwenye kiti cha magurudumu asikie jinsi ukoo wake ulivyokwisha.

Juzi kwenye kibanda cha video hapa Arua, Uganda, VJ (yule anayetafsiri filamu kwa sauti wakati inaonyeshwa) akiwa kazini, mzee mmoja nyuma yangu (mwanajeshi mstaafu, Kiswahili chake cha kambini hakina mzaha) akasema, "Huyo hapendi, anadai deni." Tulibishana mpaka umeme ukakatika.

Mzee ana hoja kidogo. Gus alimchinja Victor, mtu wake wa karibu, kwa kisu cha kukatia maboksi, kisha akanawa na kuvaa suti yake kama anakwenda kanisani. Upendo wake uliishia kwa Max.

Lakini tazama Better Call Saul, tamthilia dada ya Breaking Bad, msimu wa 2022. Lalo, mpwa wa Hector aliyeuawa na Gus, ameshazikwa, Gus amekaa baa akiongea na David, mhudumu wa mvinyo, na kwa mara moja anatabasamu bila hesabu. David anakwenda kuleta chupa ya pekee. Kabla hajarudi, Gus ameshaondoka.