Usiifunge Kinga ya Msumeno kwa Waya: Jibu kwa Kijana wa Muheza

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Muheza aliyeanza useremala mwaka huu. Aliandika: "Shikamoo fundi. Nimenunua msumeno mdogo wa umeme, ule wa kushika mkononi wenye bledi ya duara, lakini kile kibati cha chini kinachofunika meno kinakwama kila ninapoanza kukata. Fundi jirani yangu amenishauri nikivute nyuma nikifunge kwa waya ili kazi iende. Wewe unasemaje?" Nilimwitikia marahaba, nikamwomba asiuchomeke msumeno huo kwenye umeme mpaka nitakapomwandikia kwa kirefu. Imenichukua siku nne kuandika, kwa sababu ushauri aliopewa ndio niliopewa mimi, kwa maneno karibu yaleyale, nami niliufuata kwa miaka miwili.

Mwaka 2014 niliagana na fundi aliyenifundisha kazi, nikafungua kibanda changu hapa Makorora, Tanga, nikiwa na randa mbili, patasi, skwea na msumeno wa kawaida wa mkono. Fedha za kazi yangu ya kwanza yenye maana nilizitumia kununua msumeno wa umeme wenye bledi ya milimita 165. Kila seremala anayetamani kutoka kwenye kibanda cha mabati na kumiliki karakana anaijua furaha ya siku ile: ubao uliokuwa ukinitoa jasho kwa robo saa niliupasua kabla kikombe cha chai hakijapoa. Fundi wangu alipokuja kunitembelea, aliona jinsi kinga ya chini ilivyokuwa ikigonga ukingo wa ubao kila nilipotaka kukata ukanda mwembamba, akachukua kipande cha waya wa kufungia nondo, akaivuta kinga hadi nyuma, akaifunga. Aliniambia kwamba mafundi wakubwa wote hufanya hivyo. Nilimwamini kama mtoto anavyomwamini mzazi, na kwa miaka miwili waya ule haukutoka.

Mwaka 2016, wiki mbili kabla ya Ramadhani, nilikuwa na kazi ya makabati ya jiko katika nyumba moja ya Raskazone, na mwenye nyumba alitaka yakamilike kabla ya mwezi kuandama. Ilikuwa jioni, nimechoka, nimevaa kandambili. Nilimaliza kukata kipande cha plaiwudi, nikaachia swichi, nikainama kuuweka msumeno sakafuni kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukikizuia kipande kisianguke. Bledi ilikuwa bado inazunguka, na hapakuwa na kitu chochote kilichoifunika. Meno yalipogusa saruji, msumeno ulirudi nyuma kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata, ukapanda juu ya mguu wangu wa kushoto. Nilishonwa nyuzi 11, kano ya kidole gumba ikaungwa, na kwa miezi mitatu sikusimama kwenye meza ya kazi.

Mwenye nyumba alimpa kazi hiyo fundi mwingine siku ya tatu, wala hakutuma mtu kunijulia hali. Fundi wangu naye aliwaambia watu wa barazani Ngamiani kwamba nilikuwa mzembe. Sikatai kwamba nilichoka, wala sikatai kwamba kandambili si viatu vya kazi, lakini aliyesema neno lile ndiye aliyeufunga waya kwa mikono yake, na hilo linaniuma hadi leo ninapoandika.

Nilipokuwa nimelala nyumbani nilijiuliza mara nyingi kwa nini msumeno ulinijia mimi badala ya kukimbilia mbele, na jibu lake ndilo ninalotaka kila mwenye chombo hiki alielewe kabla ya kujifunza jambo lingine. Tazama mshale uliochorwa kwenye msumeno wako. Utaona kwamba meno ya mbele, yanayoutangulia ubao, hupanda kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo meno yaliyo chini kabisa huenda upande wa mbele. Yakikutana na kitu yasichoweza kukikata, iwe sakafu, msumari au ubao uliojibana, hukisukuma kitu hicho mbele, na kwa kuwa chenyewe hakisogei, unaosogea ni msumeno, tena kuelekea kwa aliyeushika. Hilo ndilo teke la msumeno. Bledi ya milimita 165 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, ncha ya kila jino husafiri takribani mita 43 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 155 kwa saa, ambayo inakaribia kuwa mara mbili ya kilomita 80 zinazoruhusiwa kwa basi la abiria linalotoka hapa kwenda Dar es Salaam. Ukiachia swichi, kasi hiyo haiishi papo hapo, maana bledi huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa. Kinga ya chini imewekwa kwa ajili ya sekunde hizo: springi yake huirudisha kufunika meno mara tu bledi inapotoka kwenye ubao, hata mwenye msumeno akiwa amesahau.

Sasa nije kwenye kinga inayokwama. Sisi tunaoishi pwani tuna adui ambaye fundi wa bara hamjui sana, nayo ni hewa ya chumvi. Springi ndogo ya kinga na mhimili wake hushika kutu baada ya miezi michache, hasa msumeno ukilazwa kwenye kibanda kilicho wazi. Ongeza utomvu wa paini zinazoshuka kutoka Shume kule Lushoto, ambao huchanganyika na unga wa mbao ukawa kama gundi ndani ya nyumba ya bledi. Kinga iliyokuwa ikirudi kwa mlio mkali huanza kurudi polepole, kisha husimama katikati. Kuifunga kwa waya hakuponyi kitu. Chomoa plagi, toa bledi, sugua kinga na mhimili wake kwa brashi ya meno iliyokwisha kazi na mafuta ya taa kidogo, ukiyaweka mbali na mota, kisha pangusa na uache pakauke kabisa. Weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili na ufute yanayobaki, kwa sababu mafuta mengi hunasa unga na kukurudisha ulikotoka. Ikiwa springi imelegea au imekatika, nunua nyingine, na mpaka uipate, tumia msumeno wa mkono.

Mimi hufanya jaribio moja kila asubuhi kabla ya kuchomeka plagi, na sijaliruka hata siku moja tangu mwaka ule: ninaivuta kinga hadi mwisho kwa kile kishikio chake kidogo, ninaiachia, na ninasikiliza. Isipojifunga yenyewe mara moja, msumeno huo haufanyi kazi siku hiyo. Kuhusu ukanda mwembamba unaoizuia kinga mwanzoni mwa mkato, kishikio hicho ndicho kilichotengenezwa kwa ajili hiyo. Kiinue kwa kidole wakati bledi inaingia, na meno yakishazama kwenye ubao, kiachie. Fundi wangu hakunionyesha hivyo, na naamini naye hakuonyeshwa.

Kufunga bledi ni jambo fupi. Plagi iwe imechomolewa na uwe unaiona kwa macho, bonyeza kitufe cha kuzuia mhimili wa bledi usizunguke, kisha ulegeze boliti. Kwenye misumeno mingi boliti hufunguka kwa kuzungusha spana kuelekea upande uleule bledi inakozunguka inapokata, na wengi huikaza zaidi wakidhani wanaifungua. Mshale wa bledi na mshale wa msumeno vielekee upande mmoja. Bledi iliyofungwa kinyume haikati, bali huunguza mbao na kutoa moshi.

Kina cha bledi kinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo nionapo vijana wengi wakikosea. Wao huishusha bledi yote, wakiamini kwamba bledi ndefu hukata vizuri. Meno yanapaswa kutokeza chini ya ubao kwa milimita nne au tano hivi, yasizidi urefu wa jino moja. Kwa plaiwudi ya milimita 18 mimi huweka kina cha milimita 22 au 23. Bledi inayotokeza kupita kiasi hujisugua zaidi ndani ya mkato, huchana uso wa plaiwudi, na hukata chochote kilicho chini, ukiwemo waya wa umeme na paja la mtu. Ukishaweka kina, pima kwa skwea kama bledi na bamba la chini, lile linaloteleza juu ya ubao, vinafanya nyuzi 90, maana alama zilizochapwa na kiwanda si za kutegemea. Pima pia umbali kutoka kwenye bledi hadi ukingo mpana wa bamba, uuandike juu ya msumeno kwa kalamu ya wino usiofutika. Kwangu ni milimita 112. Ninapotaka mkato ulionyooka, ninafunga ubao wa kuongozea kwa klampu mbili, milimita 112 kutoka kwenye mstari, na msumeno hutembea ukiuegemea. Kumbuka kwamba bledi yenyewe hula karibu milimita mbili, kwa hiyo ielekeze upande wa kipande kisichotakiwa. Na kwa kuwa meno hupanda juu, machanika hutokea upande wa juu, basi uso mzuri wa plaiwudi uulaze chini.

Ubao usiulaze kwenye vigoda viwili kisha ukakata katikati. Uzito wake utaufanya ubonyee, mkato utajifunga, bledi itabanwa, na teke litakuja. Karatasi nzima ya plaiwudi ya futi nane kwa nne mimi huilaza juu ya vipande vinne vya mbao chakavu sakafuni, viwili kila upande wa mstari, ili mkato ukikamilika kila nusu ibaki imelala mahali pake. Ukikata kichwa cha ubao mezani, kiache kipande kinachokatwa kianguke chenyewe. Simama pembeni ya mstari wa mkato, shika msumeno kwa mikono miwili, uache ufikie kasi yake kamili kabla haujagusa mbao, na kama mkato umepinda usiulazimishe kurudi wala kuuvuta nyuma ukiwa unazunguka. Achia swichi, subiri usimame, kisha uanze upya.

Mavazi hayahitaji maneno mengi: viatu vilivyofunika vidole, miwani, vizibo vya masikio, na usivae glavu zilizolegea, kanzu wala msuli, hata kama kibanda kipo uani kwako. Vumbi lisipuuzwe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mtiki huwasha ngozi za watu wengi. Funika pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi. Leso haitoshi.

Kijana wangu aliuliza pia kama anaweza kununua msumeno wa mtumba kwa ajili ya mdogo wake. Anaweza, ila asome kibati cha maelezo kabla ya kutoa fedha. Misumeno iliyotumika Marekani ni ya volti 120, na mingi iliyotumika kwenye ujenzi Uingereza ni ya volti 110, huku umeme wetu ukiwa wa volti 230. Kubadilisha plagi hakubadilishi mota, na ukiuwasha utaungua mikononi mwako. Waya wa kurefushia umeme nao uwe wa milimita za mraba 1.5 au zaidi, na ukunjuliwe wote, kwa sababu waya uliobaki umezungushwa kwenye gurudumu hupata joto hadi ganda lake kuyeyuka.

Mwezi uliopita nilikabidhi milango 14 ya makabati katika nyumba nyingine palepale Raskazone, hatua chache kutoka ile ya mwaka 2016. Mikato yote ilifanywa na msumeno uleule wa milimita 165, kinga ikijifunga kila mara, na mwenye nyumba alipitisha kidole kwenye kila ukingo asipate mchaniko hata mmoja. Ninalitaja hilo kwa fahari, kwa kuwa nimechoka kusikia kwamba fundi mwangalifu ni fundi asiyejua kazi. Vijana, anayewaambia kwamba kinga inawachelewesha hatakuwepo mtakapokuwa mnashonwa, na wateja wenu hawatawangoja mpone.

Kwa mitiki ya Longuza uliyosema unaikata, mwanangu, tumia bledi yenye meno 40 yaliyotiwa vidia, yaani ncha za metali ngumu sana, na uwe na ya pili ya akiba, kwa sababu mti huo una chembe kama za mchanga ndani yake ambazo huua makali upesi, na bledi butu hukulazimisha kusukuma. Ukiona mkato unaacha alama nyeusi, badilisha. Usipoweza kuifungua kinga peke yako, panda daladala uje Makorora siku ya Jumamosi asubuhi, uje na msumeno pamoja na spana iliyokuja nayo kwenye sanduku, maana spana zangu hazitaingia kwenye boliti yako.