Wiki mbili kwenye kambi ya Muay Thai

SWALI: Dada, mwezi ujao nakwenda Phuket, Thailand, kwenye kambi ya Muay Thai, ndondi za Kithai za ngumi na mateke, kwa wiki 2. Sijawahi kurusha ngumi. Nitaweza?
Msomaji, Tanga

JIBU: Utaweza, mdogo wangu, ila usifuate ratiba ya asubuhi na jioni tangu siku ya kwanza. Mimi niliifuata. Siku ya 3 miundi ilikuwa imevimba kwa kupiga teke gunia, ngazi nazishuka nimeshika ukuta. Chukua asubuhi tu, ukimaliza lala. Kuanzia leo ruka kamba, maana kambini mwili hupashwa moto kwa kamba. Kinga ya meno nunua yako, tafadhali. Na bima ya safari isome vizuri: nyingi hazilipii majeraha ya michezo ya mapigano.