Kindi huamka ili alale

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Natafsiri filamu za wanyama kwa ajili ya televisheni. Katika ile ya Alaska, mhariri wangu anataka niandike kwamba wanyama wanaojificha na kutulia miezi yote ya baridi "hulala usingizi wa kipupwe". Mwenzangu anasema "haibanesheni", na mtoa sauti anaona "huganda" inatosha. Nishike lipi? – Msomaji, Morogoro

Marahaba. Tuanze na kipupwe ili tukizike mapema. Kipupwe ni majira ya pwani yetu, Juni hadi Agosti, kusi ikivuma, watu wa Dar es Salaam wakitoa kabatini masweta yanayonuka vidonge vya nondo. Alfajiri kali ya kipupwe ni nyuzi 18 hivi. Kaskazini mwa Alaska nyuzi 18 ni mchana mzuri wa Julai, na Januari baridi inaweza kushuka hadi 40 chini ya sifuri. Anayeiita hiyo kipupwe apelekwe huko na sweta lake la nondo. Andika "majira ya baridi", yanatosha.

Haibanesheni linatoka katika Kilatini, hibernus, maana yake "-a majira ya baridi". Wataalamu walitumie kwenye mada zao. Mtazamaji wa saa moja usiku, tonge mkononi, halitamfaa kitu.

Sasa usingizi. Hili ndilo linalonikera, na kila msimu wa filamu za theluji linarudi: usingizi mzito, usingizi mrefu, usingizi wa miezi saba. Usingizi ni ndugu wa sinzia, na hakuna Mswahili asiyeujua. Unampitia mtu, anaota, anakoroma, ukimgusa bega anashtuka, na akiamka amepata nafuu. Zichukue sifa hizo umvishe kindi wa ardhini wa Aktiki, uone kama kuna hata moja itakayomkaa.

Kindi huyu ana uzito wa kama kilo moja. Huingia shimoni mwisho wa kiangazi na kukaa humo miezi saba au minane. Hawezi kuchimba kwenda chini sana, kwa sababu chini ya tabaka la juu kuna udongo ulioganda mwaka mzima, kwa hiyo chumba chake kiko kwenye udongo ambao nao utashuka chini ya sifuri. Anajikunja kama mpira ndani ya nyasi alizokusanya, na mwili unaanza kupoa. Mapigo ya moyo, ambayo kwa kawaida hupita 200 kwa dakika, yanabaki machache ya kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1989 Brian Barnes wa Chuo Kikuu cha Alaska, Fairbanks, alichapisha vipimo alivyopata kwa vifaa vilivyopandikizwa ndani ya miili ya kindi hao: tumboni joto lilikuwa limeshuka hadi nyuzi 2.9 chini ya sifuri. Na damu haikuganda! Maji yakiwa hayana chembe yoyote ya kuanzishia barafu yanaweza kupita sifuri yakabaki maji, na ndivyo damu ya kindi inavyofanya. Chembe moja ya barafu ikizaliwa humo, kindi amekwisha.

Mguse bega sasa. Hashtuki. Umeme wa ubongo wake ukipimwa, mchoro unakaribia kuwa mstari ulionyooka, hauna yale mawimbi ya mtu aliyelala. Ndoto ataiotea wapi?

Na bado sijafika kwenye kiini cha kesi. Kila baada ya wiki mbili au tatu kindi huyo hujipasha moto mwenyewe, gizani, bila jua wala chakula. Kazi inaanzwa na mafuta ya kahawia yaliyo katikati ya mabega, ambayo huunguzwa kutoa joto bila msuli kutikisika. Baadaye anatetemeka, na kwa saa chache mwili umetoka chini ya sifuri hadi nyuzi 36 au 37. Hubaki na joto hilo kwa muda usiofika siku moja, kisha hupoa tena. Zoezi hili linakula sehemu kubwa kuliko zote ya mafuta yake ya majira ya baridi. Anautumiaje muda huo wa gharama? Watafiti walipima ubongo, wakachapisha mwaka 1991: sehemu kubwa ya muda analala. Usingizi wenyewe, wenye mawimbi yake, na mzito mwanzoni kama wa mtu aliyekesha siku nyingi. Kwa hiyo zile wiki tatu ulizoziita usingizi zinaonekana kumwachia deni la usingizi, naye anaunguza mafuta kuja kulilipa. Huamka ili alale. Mhariri wako aisome sentensi hiyo mara mbili kabla hajaichomoa.

Wala si ubishi wa kamusi tu. Anayeamini popo wa mapangoni wa nchi za baridi, ambao nao hupoa hivyo, "wamelala" hudhani akiingia na tochi atawasumbua kidogo, kisha watarudi kulala. Popo akishtuliwa hujipasha moto kama yule kindi, na kila mara anachoma mafuta ambayo hayatarudi, maana wadudu wa kula hakuna mpaka joto lije. Mwaka 2006, jimboni New York, ulionekana ukungu mweupe unaoota kwenye pua na mbawa za popo. Unawafanya waamke mara nyingi kupita kiasi, mafuta yanaisha kabla ya majira kwisha. Umeua mamilioni.

Huganda? Mwambie mtoa sauti neno hilo lina mwenyewe, ambaye ni chura wa msituni wa Alaska na Kanada. Huyo huganda kweli: karibu theluthi mbili ya maji ya mwili wake hugeuka barafu, pumzi hukatika, moyo husimama. Ini lake humwaga sukari nyingi kwenye damu ili seli zisinyonywe maji zikasinyaa, na barafu hukaa nje ya seli, kwani ikiingia ndani huzipasua. Akiyeyuka, moyo ndio hutangulia. Ukimpa kindi neno la chura, umemuua.

Neno ninalokupa ni kuzizima. Maji ya mtungini huzizima, mwili huzizima kwa baridi, na magazeti yetu kila msiba mkubwa hutuandikia "Jiji lazizima". Baridi imo, utulivu umo. "Kindi huzizima kwa wiki tatu, hujipasha moto, hulala, kisha huzizima tena." Kuna lililopungua hapo?

Dubu mweusi usimpe. Utafiti wa Alaska wa 2011 ulionyesha joto lake linabaki kati ya nyuzi 30 na 36, ingawa mwili unatumia nishati kama robo tu ya kawaida. Miezi mitano hadi saba hali, hanywi, hakojoi, na taka ya mkojo huirudisha kutengenezea protini. Jike huzaa na kunyonyesha humo humo. Andika kwamba dubu hujifungia pangoni, uendelee na filamu.

Mhariri akikaza shingo, mwachie kulala, nami nitanyamaza. Kulala kwetu ni kupana: mtu hulala njaa macho makavu, jahazi hulala upande, biashara hulala mwezi mzima bila kukoroma. Ila usingizi usionekane kwenye skrini mpaka kindi afike nyuzi 36.