Mpira Ungali Hai: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Futiboli ya Vyuo vya Marekani

Niliwahi kuwaambia hapa kwamba kuanzia Septemba hadi Januari nakesha Jumamosi usiku kwa ajili ya futiboli ya vyuo vya Marekani. Maswali yamemiminika, na leo najibu yale yanayohusu mechi za zamani. Kwa mgeni wa mchezo huu, shika haya machache: timu hupewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10, ikishindwa inaupoteza. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la mpinzani, yaani tachidauni, ni pointi 6. Kuupiga kwa mguu ukapita kati ya milingoti ni pointi 3.

Nimetumiwa video fupi: mtu anapiga mpira wa mbali, anakosa, halafu mwingine anaudaka na kukimbia uwanja mzima huku watu wanapagawa. Kwani akikosa si basi? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Hapana ndugu yangu, si basi, na hapo ndipo utamu wote ulipo. Hiyo ni mechi ya Novemba 30, 2013, Auburn dhidi ya Alabama, watani wa jadi wa jimbo moja. Alabama walikuwa wa kwanza kwa ubora nchini na mabingwa wa misimu miwili mfululizo. Auburn mwaka mmoja nyuma walikuwa wamechapwa na watu hawa hawa 49-0.

Sasa ni 28-28. Auburn wamesawazisha zikiwa zimebaki sekunde 32. Mchezaji wa Alabama anakimbia na mpira, anatoka nje ya mstari, saa inasoma sifuri. Kocha wa Alabama, Nick Saban, anadai ibaki sekunde moja. Waamuzi wanaangalia picha za marudio, wanakubaliana naye. Kwa sekunde hiyo aliyoidai mwenyewe, anaamua mpira upigwe kwenye milingoti kutoka yadi 57, na anampa kazi kijana Adam Griffith, kwa sababu mpigaji wao wa kawaida alikuwa na siku mbaya.

Mpira ukapungukiwa. Sheria inasema mpira wa namna hiyo ukidakwa ndani ya uwanja ungali hai. Chris Davis wa Auburn alikuwa amesimama chini ya milingoti akiusubiri. Akaudaka nyuma kabisa ya eneo lake la mwisho, akakata kushoto, akafuata mstari wa pembeni. Alabama walikuwa wamejaza uwanjani wanaume wazito wa kumkinga mpigaji, na mzito hamkimbizi mwepesi. Yadi 109, karibu mita 100, hakuna aliyemgusa. Auburn 34, Alabama 28, na saa haina kitu. Nimeitazama mara nyingi mno, na bado kila mara macho yangu humwendea Davis wakati mpira ungali angani: ametulia tuli, utadhani anasubiri daladala.

Shikamoo mwandishi. Hawa si wanafunzi tu? Mbona wazee wazima wanalia? (Mwanafunzi, Eldoret)

Marahaba mwanangu. Ni wanafunzi, na ndiyo sababu. Mchezaji wa chuo hupewa misimu minne hivi, kila msimu una mechi kumi na mbili au zaidi kidogo, kisha anaondoka. Ligi ndefu kama za soka hukupa nafasi ya kujirekebisha wiki ijayo. Huku, kwa miaka mingi, kupoteza mechi moja ya Oktoba kulitosha kuzika ndoto ya ubingwa. Halafu miji mingi yenye vyuo hivi haina timu ya kulipwa karibu, timu ya chuo ndiyo ya babu na ya mjukuu. Uwanja wa Michigan, pale Ann Arbor, hubeba zaidi ya watu 100,000.

Mwanangu anasoma Ohio State. Ikifika Novemba wanafunzi wanaziba herufi M kwenye vibao vyote vya chuo. Nikiwa mama mgeni hapa, ni mechi gani niijue ili nisiaibike mbele ya majirani? (Mama, Columbus, Ohio)

Mama, hiyo M ni ya Michigan, na wiki ile hawataki kuiona. Ijue mechi ya Novemba 18, 2006. Timu zote mbili hazikuwa zimefungwa msimu mzima, Ohio State wa kwanza nchini, Michigan wa pili. Siku moja kabla, Bo Schembechler alifariki. Huyu alikuwa kocha wa Michigan kuanzia 1969 hadi 1989, lakini kabla ya hapo aliwahi kuwa kocha msaidizi hapo hapo Ohio State. Uwanja wa mahasimu wake ulimkumbuka kabla ya mpira kuanza. Kisha wakaanza kupigana: Ohio State 42, Michigan 39. Watajie majirani matokeo hayo na jina la Bo, kwa heshima, utaona watakavyokukaribisha.

Ni kweli wapiga muziki waliwahi kuingia uwanjani mechi ikiendelea? (Msomaji, Mombasa)

Kweli kabisa. Berkeley, California, Novemba 20, 1982, chuo cha California na jirani zake Stanford. Kwotabeki wa Stanford, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, alikuwa John Elway, ambaye baadaye alikuja kuwa nyota mkubwa wa ligi ya kulipwa, na hii ilikuwa mechi yake ya mwisho ya chuo. Aliiongoza timu hadi wakapiga mpira wa pointi 3 na kwenda mbele 20-19. Zimebaki sekunde 4. Stanford wanaanzisha mpira kwa kuupiga kwa wapinzani, kila mtu anajua imekwisha.

Mchezo huu unaruhusu kumpasia mwenzako mpira kwa upande au nyuma, mara nyingi upendavyo. California wakafanya hivyo mara tano. Kila aliyekaribia kuangushwa alimtupia mwingine. Katikati ya vurugu hiyo bendi ya Stanford, tarumbeta mikononi, ikaamini mechi imeisha na kumiminika uwanjani. Kevin Moen, aliyekuwa wa kwanza kuushika mpira, ndiye aliyeupokea wa mwisho. Akapenya kati ya wapiga muziki, akaruka na mpira ndani ya eneo la mwisho, na kumwangukia mpiga tromboni. Waamuzi wakajadiliana kisha wakakubali: California 25, Stanford 20.

Stanford hawajakubali mpaka leo. Wanasema mmoja wa California goti lake lilishagusa chini, kwa hiyo mpira ulishakufa. Timu hizi hushindania shoka lililobandikwa kwenye ubao wenye matokeo ya miaka yote, na kila Stanford wanapolitwaa hubadilisha matokeo ya 1982 yasomeke 20-19 kwa faida yao. California wakilirudisha, wanarudisha na matokeo. Mimi naona California walistahili, maana hakuna filimbi iliyolia. Lakini ukitaka kunielewesha vingine, niandikie, nitasoma.

Kipigo kikubwa kuliko vyote ni kipi? Na je, kuna sare? (Msomaji, Kampala)

Georgia Tech 222, Cumberland 0, Oktoba 7, 1916. Cumberland walikuwa wameshavunja timu yao, ila wasingefika wangetozwa faini ya dola 3,000, kwa hiyo wakakusanya vijana waliopatikana. Hadi mapumziko ilikuwa 126-0. Mimi siipendi mechi hiyo.

Sare ziliondolewa mwaka 1996 kwa kuleta muda wa ziada. Iliyo maarufu zaidi ni ya 1968, Harvard na Yale, 29-29. Harvard walipata pointi 16 katika sekunde 42 za mwisho, na gazeti la wanafunzi wao likaandika kwamba Harvard wameishinda Yale 29-29. Mwigizaji Tommy Lee Jones alicheza siku hiyo upande wa Harvard.

Nipe mechi ambayo mdogo alimpiga mkubwa. (Msomaji, Bujumbura)

Nitakupa mbili, zote za 2007, moja ya siku ya mwaka mpya na nyingine ya Septemba mosi.

Nianze na ya Septemba. Appalachian State, chuo cha mji mdogo wa milimani uitwao Boone, North Carolina, kilikuwa daraja la chini. Waliitwa Ann Arbor kuwapasha misuli Michigan, waliokuwa wa tano kwa ubora, mbele ya watu zaidi ya 109,000. Appalachian wakaongoza 34-32. Sekunde za mwisho Michigan wanapiga mpira wa pointi 3 ambao ungewapa ushindi, Corey Lynch anauzuia kwa mwili wake na kuondoka nao. Baada ya hapo shirika la habari la AP lilibadilisha utaratibu ili timu za daraja hilo nazo ziweze kupigiwa kura katika orodha yake ya timu bora.

Ya mwaka mpya ni Boise State dhidi ya Oklahoma, Glendale, Arizona. Boise hawakuwa wamefungwa msimu mzima, lakini wakubwa walisema hawajakutana na wanaume. Wakapoteza uongozi wa pointi 18, wakajikuta nyuma, zikabaki sekunde 18, jaribio la nne, yadi 18 za kwenda. Drisan James akapokea pasi, na walinzi walipomkimbilia akamtupia Jerard Rabb aliyekuwa anapita kuelekea upande mwingine. Tachidauni, sare, muda wa ziada. Oklahoma wakafunga mara moja. Boise nao wakafunga, na katika jaribio la nyongeza linalofuata tachidauni, badala ya kuupiga mpira kwa mguu wapate pointi 1 ya kusawazisha, wakataka pointi 2 za kumaliza kazi. Kwotabeki Jared Zabransky akajifanya anarusha kulia kwa mkono mtupu, mpira akauficha nyuma ya mgongo kwa mkono wa kushoto. Ian Johnson akauchukua na kuingia bila kuguswa: 43-42. Dakika chache baadaye Johnson akapiga goti mbele ya kamera na kumposa mpenzi wake, kiongozi wa washangiliaji wa Boise. Akakubaliwa.

Ningekuwa na nafasi ya kutazama moja tu? (Msomaji, Muscat)

Texas na USC (chuo cha Southern California), uwanja wa Rose Bowl, Januari 4, 2006. USC walikuwa wameshinda mechi 34 mfululizo. Zikiwa zimebaki sekunde 19, jaribio la nne, Vince Young alikosa wa kumpasia akakimbia mwenyewe hadi kona ya kulia. Texas 41-38. Alikimbia yadi 200 na kurusha 267 usiku huo. Itazame yote, usiruke kwenda mwisho.

Yule aliyekosa dhidi ya Auburn, ilikuwaje maisha yake? Hakuna anayemtaja. (Msomaji, Arusha)

Ahsante sana kwa kumkumbuka. Griffith alizaliwa Poland, akaasiliwa na familia ya Marekani. Alibaki Alabama na kuendelea kupiga. Januari 11, 2016, fainali dhidi ya Clemson, katika uwanja ule ule wa Glendale walikoshindia Boise, robo ya nne, yeye ndiye aliyesawazisha, 24-24. Kwa kawaida timu ikifunga humpigia mpinzani mpira mbali. Griffith akaubetua juu kidogo, pembeni, mahali ambapo Clemson hawakuwa na mtu, na mwenzake Marlon Humphrey akaudaka mikononi. Mpira ukabaki wao, wakafunga tena mara moja. Alabama wakatwaa ubingwa 45-40. Saban, ambaye hacheki ovyo, alionekana pembeni ya uwanja akitabasamu.