Jibu: Kuomba chuo cha miaka miwili Marekani ukiwa Lubumbashi. Usimpe mtu dola 800

Mdogo wangu wa Katuba, swali lako nimelisoma jioni hii nikitoka kazini, sikutaka kulala bila kukujibu. Kwa wanaofika sasa: kijana amemaliza humanite (sekondari), opsio ya umeme, na EXETAT, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, amepata asilimia 58. Mjomba wake aliye Iowa amemwambia kule kuna vyuo vya miaka miwili "vinavyopokea watu wote". Na hapa mjini amekutana na bwana anayedai dola 800 ili "amtolee nafasi". Anauliza kama bei hiyo ni ya haki.

Usitoe hata franga moja. Bwana huyo anakuuzia mlango ambao haujafungwa.

Vyuo hivyo wenyewe wanaviita "community college", na ndivyo utakavyoandika unapotafuta kwenye intaneti. Ni vyuo vya umma. Kikongwe chao kinachofundisha hadi leo, Joliet cha Illinois, kilianza mwaka 1901. Viliwekwa ili mtu wa mtaani aendelee kusoma karibu na kwao bila kuchujwa, ndiyo maana hakuna konkuru, mtihani wa kuchuja wanaoingia. Diploma ya sekondari inatosha. Fomu ya maombi kwa vingi ni bure, au utalipa dola 25, dola 50, kitu cha namna hiyo. Masomo machache tu ndiyo yanayochagua watu, hasa uuguzi.

Mimi nilikuja kuyajua hayo nimeshaumia. Mwaka 2017 nilikuwa naishi kwa baba, komini ya Kenya ya Lubumbashi, na nilimpa komisionere, dalali kama huyo wako, dola 450. Miezi miwili baadaye akaniletea barua ya kupokelewa, ya kweli kabisa, yenye jina la chuo na muhuri. Nikafurahi, mama akapika. Baadaye nilipofungua tovuti ya chuo chenyewe nikakuta fomu ile ile, inajazwa kwa nusu saa, bila malipo. Na alikuwa ameijaza vibaya: jina la ukoo ameliweka mahali pa jina la ubatizo, na postnom yangu ameiacha kabisa. Kurekebisha kosa hilo kulinila miezi minne, nikakosa muhula wa Januari.

Kwa hiyo anza na majina. Sisi Wakongomani tuna nom (jina la ukoo), postnom (jina linaloifuata nom) na prenom (jina la ubatizo). Fomu ya Mmarekani ina jina la kwanza, la kati na la mwisho. Hakuna anayekuja kukuelekeza lipi liende wapi. Fuata pasipoti, herufi kwa herufi, na uandike hivyo hivyo kila mahali: kwa chuo, kwa viza, kwa benki. Kama diploma yako inasema "Kalenga" na pasipoti inasema "Kalenge", usipuuze ukisema ni herufi moja tu. Shughulika nalo hapa nyumbani kabla hujatuma chochote. Tarehe nazo: wao hutanguliza mwezi. Aliyezaliwa 4 Septemba akiandika 04/09 amejizalisha Aprili. Kuhusu anwani, watakuomba namba ya posta, na mimi sikuwa nayo. Niliandika sufuri tano, na mahali pa mtaa nikaweka avenyu, namba, kartiye na komini. Ilipita.

Sasa asilimia 58. Nimeona unaionea haya, na wengine hapo juu wamekuambia haitoshi. Kwetu kufaulu EXETAT ni kuanzia 50, na mtu mwenye 64 familia inamwagia poda kutoka shuleni mpaka nyumbani. Mmarekani ana kipimo kingine: kwake 64 ni alama ya D, anaiona kama ya mtoto aliyeponea chupuchupu. Akisoma buletini zako, yaani ripoti za alama za shule, bila mtu wa kumfasiria, atakudharau bure. Kwa sababu hiyo vyuo vingi huomba dosiye ipitie kwa shirika la kutathmini vyeti vya kigeni, kama WES au ECE, ambalo huzigeuza alama za Kongo kuwa za kwao kwa kufuata mfumo wetu. Vyuo vingine havidai tathmini, vinataka tafsiri tu. Uliza kabla ya kulipa. Tafsiri ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa, diploma pamoja na buletini za miaka ya mwisho, na zile za asili usizitume popote. Peleka nakala zilizothibitishwa. Kama diploma yenyewe haijatoka, uliza kama watapokea ushahidi wa matokeo kwanza, na upate barua ya prefe, mkuu wa shule yako.

Nakuja kwenye jambo ambalo mjomba wako hawezi kukuambia, na si kwa ubaya. Anakuambia "binamu zako wanasoma hapa karibu bure", na ni kweli. Lakini wao waliingia Marekani kama wakimbizi, wana karatasi za ukaazi. Mkaazi analipa bei ya wenyeji, na serikali humpa msaada. Ule uitwao Pell unafika hadi dola 7,395 kwa mwaka, na haurudishwi. Wewe utaingia na viza ya mwanafunzi, F-1. Msaada huo haukuhusu hata senti moja, na minervali, yaani ada ya masomo, utalipa ile ya wageni, ambayo mara nyingi ni maradufu ya wenyeji au zaidi. Chuo ni kile kile, darasa lile lile, lakini wewe na binamu yako mnapita milango tofauti. Nimeona familia tatu hapa Lubumbashi zikigombana na ndugu zao wa Marekani kwa sababu ya jambo hili, kila upande ukidhani mwenzake anadanganya.

Chuo kikikukubali kitataka uthibitishe fedha za mwaka wa kwanza: minervali, chakula, nyumba, bima, vitabu. Kwa vyuo vingi hesabu hiyo hupita dola 15,000, na kwenye miji mikubwa hupita 25,000. Fomu yangu ilisema 18,000 na kidogo. Ni baada ya kuona fedha hizo ndipo wanakupa I-20, hati ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi, na bila I-20 hakuna viza. Hapo ndipo pazito, mdogo wangu, wala dola 800 za yule bwana hazigusi hapo.

Mjomba anaweza kuwa mdhamini. Ataandika hati ya udhamini, ataambatanisha karatasi za benki na barua ya mwajiri wake. Na kama utalala na kula kwake, muulize ofisa wa wanafunzi wa kigeni kama chuo kinapunguza kiasi kinachotakiwa. Vipo vinavyofanya hivyo vikiona hati ya mjomba kwamba anakupa chumba na chakula. Kwangu hilo lilipunguza maelfu. Sehemu nyingine ilitoka kwa baba, aliyeuza kiwanja chetu cha Kasungami. Fedha ikiingia benki kwa mkupuo vile, hifadhi karatasi ya mauzo, kwa sababu mtu yeyote atakayeangalia akaunti atauliza imetoka wapi.

Wala usipige hesabu kwamba utajilipia kwa kazi. F-1 inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nilifanya maktaba, nikapata ya chakula na mega za kuwapigia wazazi, basi. Anayekuambia utafanya kazi usiku kwa siri anakutuma upoteze hadhi yako ya mwanafunzi.

Kuhusu somo la kuchagua, hapa nitakuomba usikilize kwa makini kwa sababu umetoka kwenye umeme. Vyuo hivi vinatoa shahada ya miaka miwili, kawaida krediti 60, yaani vipimo vya masomo unayokamilisha. Kuna ile ya kuhamia chuo kikuu, ambapo miaka yako miwili inahesabiwa na unamalizia miwili mingine kwingine. Na kuna ya ufundi, inayokupeleka moja kwa moja kazini: umeme wa viwandani, uchomeleaji, mashine kubwa za dizeli. Ya ufundi, vyuo vikuu vingi havipokei krediti zake zote. Mimi nilichukua dizeli. Nilipomaliza nilipata mwaka mmoja wa kufanya kazi ya fani yangu kule, jambo ambalo F-1 inaruhusu, halafu nikarudi mwaka 2022. Leo natengeneza malori ya migodini, wiki mbili Kolwezi, wiki moja nyumbani. Sijutii, lakini nilichagua nikijua ninachotaka. Kama ndoto yako ni kuwa injinia, chukua ile ya kuhamia, na kabla ya kuanza uliza chuo kina mkataba na chuo kikuu gani. Pia ujue kwamba ukirudi na karatasi ya miaka miwili, ofisi za Serikali zitataka ekivalansi, yaani uthibitisho kwamba karatasi hiyo inalingana na ya hapa, na licence yetu ya sasa, shahada ya kwanza, ni miaka mitatu. Kampuni za migodi zilinipima kwa mikono. Ofisi ya umma isingenipima hivyo.

Kiingereza. Chuo changu hakikudai cheti, nilipimwa nilipofika na kuwekwa muhula mmoja wa lugha kwanza. Ni halali, ila muhula huo unalipiwa na krediti zake hazihesabiwi kwenye shahada. Ukiweza, fanya jaribio hapa. Mdogo wetu wa kike alifanya lile la Duolingo nyumbani, linachukua kama saa moja. Mara ya kwanza delestaji, mgao wa umeme, ilimkatia katikati, ikabidi aanze upya. Mara ya pili alikwenda kwa jirani mwenye paneli za jua, saa kumi na moja alfajiri, mtaa wote umelala. Alipita.

Viza nitaisema kwa kifupi kwa sababu masharti yake hubadilika, na tovuti ya ubalozi ndiyo ya kuamini kuliko mimi. Ukipata I-20, ambayo siku hizi huja kwa imeili, unalipa dola 350 za mfumo wa kuwafuatilia wanafunzi kwenye tovuti ya fmjfee.com, unajaza DS-160, fomu ya maombi ya viza, unalipia viza, unachukua siku ya mahojiano. Mahojiano ni Kinshasa, kwa hiyo weka kwenye hesabu ndege ya kwenda na kurudi kutoka Luano na mahali pa kulala. Mimi mara ya kwanza nilikataliwa. Nilikuwa nimekariri majibu aliyonipa komisionere, na nilipoulizwa kwa nini chuo kile na si kingine, sikuwa na la kusema, kwa sababu sikukichagua mimi. Mara ya pili niliwaeleza kwa maneno yangu: malori gani yanatumika Kolwezi, karakana ya chuo ina injini gani, nani analipa, nitarudi kufanya nini. Dakika tatu tu.

Kalenda: mihula yao mikubwa inaanza Agosti na Januari, na wageni huwekewa mwisho wa maombi mapema kuliko wenyeji. Matokeo yetu ya EXETAT yakitoka, muda wa kuomba Agosti ya mwaka ule ule kwa kawaida umeshapita, na Januari ni ya kukimbizana. Lenga Agosti ijayo. Hakikisha kwanza chuo kina ruhusa ya kupokea wanafunzi wa kigeni. Orodha iko kwenye tovuti ya serikali yao, studyinthestates.dhs.gov, si kila chuo kimo. Ukitaka mtu wa kukushauri, EducationUSA ni mtandao wa serikali yao na ushauri wake ni wa bure. Na ukiandikia ofisi ya chuo, wakati mzuri wa kusubiri jibu ni kuanzia saa kumi jioni ya hapa. Ndipo kule Iowa wanafungua ofisi. Wanajibu, tena kwa upole. Mimi nilikaa miezi sita nikidhani mtu kama mimi haruhusiwi kuwaandikia.

Kesho chukua pasipoti na diploma, au buletini ya mwaka wa sita kama diploma bado, uziweke mezani pamoja. Niandikie hapa kama majina yanafanana, lakini usiyaweke hadharani. Muulize pia mjomba swali moja tu, kama anaweza kukulaza na kukulisha miaka miwili, kwa maandishi. Ukipata majibu hayo mawili nitakusaidia kuchagua vyuo vitatu vya kuanzia. Mimi niko Kolwezi mpaka Ijumaa, intaneti ya hapa ni nzuri usiku.